Samaki wa Kuchoma kwa Pesa Ndogo: Nunua Nini, Acha Nini

Shilingi 45,000 inatosha kuwalisha watu sita samaki wa baharini wa kuchoma na mchuzi wake, wakashiba. Inatosha kwa masharti mawili: uchomee nyumbani, na usichague samaki kwa kutazama bei ya kilo peke yake. Bei ya kilo inahesabu kichwa, matumbo, mapezi na maji kana kwamba vyote vitafika kwenye sahani. Wala haikuambii samaki huyo atadai mchuzi gani, na mchuzi nao una bei yake.

Bei nitakazotaja humu ni za kufanyia hesabu, kwa shilingi ya Tanzania. Samaki wa asubuhi na samaki wa jioni hawana bei moja hata kwenye meza ile ile, kwa hiyo siku ya kwenda sokoni weka bei za siku hiyo. Kipimo chetu ni gramu 200 za nyama mbichi isiyo na mfupa kwa kila mtu mzima, yaani kilo 1.2 kwa watu sita.

Samaki wa kuchoma sharti awe na nyama iliyoshikana. Samaki wa nyama laini anameguka wavuni, nusu inaangukia kwenye mkaa, nawe ulishailipia yote. Sokoni, iwe Feri pale Magogoni, Darajani Unguja au soko la Mji wa Kale Mombasa, wanaofaa kazi hii na wanaopatikana mara kwa mara ni nguru, jodari, kolekole, changu na chewa.

Nguru ndiye rahisi kuliko wote kwa asiye na uzoefu wa jiko. Miiba midogo ya kusumbua watoto ni michache, na anauzwa akiwa ameshakatwa vipande, kwa hiyo sehemu kubwa ya unacholipia ni chakula. Ngozi na mfupa wa kati vinachukua kama sehemu moja ya saba ya uzito. Kwa shilingi 16,000 kwa kilo, utahitaji kilo 1.4, ambayo ni shilingi 22,400.

Simama karibu na mkataji wakati anakata. Mwambie unataka unene wa vidole viwili na vipande vyote viwe sawa, kwa sababu chembamba kitaungua wakati kinene bado kibichi. Vipande vya karibu na kichwa vina uwazi wa tumbo na nyama mbili nyembamba zinazoning'inia pembeni. Hizo zinakauka kabla mgongo haujaiva. Omba vya katikati kwenda mkiani, pale ambapo tumbo limekwisha na kipande kimejaa nyama pande zote. Vya mkiani kabisa ni vidogo, na muuzaji hukubali kushusha bei kidogo ukiomba. Kwa sahani za watoto vinafaa sana.

Halafu usikubali nguru aliyekwisha chunwa ngozi. Nguru wa pwani yetu ana ngozi laini ya rangi ya fedha, na ubavuni ana mistari ya wima iliyopindapinda. Ngozi ikiondoka, kipande kinaweza kuwa cha mzia au cha papa, na ukawa umelipa bei ya nguru. Papa utamjua kwa ngozi inayokwaruza na kwa harufu kali inayopanda puani akikaa kidogo.

Changu ana sifa, na anastahili, maana nyama yake ni tamu na nyeupe. Ila anauzwa mzima. Ukitoa kichwa, matumbo, magamba na mifupa, nyama inayobaki haifiki nusu ya uzito. Kwa shilingi 11,000 kwa kilo anaonekana nafuu kuliko nguru. Piga hesabu: kilo 1.2 za nyama zinataka kilo kama 2.7 za samaki mzima, nazo ni shilingi 29,700, bado pesa ya kupara. Changu mchukue kama ni watu wawili au watatu na kila mmoja anataka samaki wake mzima kwenye sahani. Kwa familia kubwa, mwache. Chewa naye hesabu yake ni hiyo hiyo kwa sababu ana kichwa kikubwa. Chewa mkubwa nunua vipande tu.

Kolekole anapuuzwa bila sababu. Nyama yake ni ngumu kiasi cha kugeuzwa wavuni bila hofu, na bei yake mara nyingi iko chini ya nguru. Kwa shilingi 9,000 kwa kilo, kolekole mmoja wa kilo 2.5 anakupa nyama ya watu sita kwa shilingi 22,500, na kumpara na kumpasua labda shilingi 1,500. Amezidi nguru kidogo, lakini kichwa na mifupa ni vyako. Kichwa cha kolekole wa kilo mbili na nusu, na nyanya mbili, ndimu na pilipili mbuzi, ni supu ya kesho yake kwa watu wanne. Ukiihesabu supu hiyo, kolekole ndiye anayeshinda kwenye orodha hii.

Kasoro yake ni usumbufu. Hakatwi vipande kama nguru. Anapasuliwa kupitia mgongoni akafunguliwa na kulazwa wazi, na ukipata mpasuaji asiyejua utaletewa samaki mwenye tumbo lililochanika ambaye hakai wavuni. Mwambie mapema: “Kaka, mpasue mgongoni, usimtenganishe.”

Jodari ni habari nyingine. Mnofu wake hauna miiba, unauzwa kwa vipande vizito vyekundu, na kwa shilingi 15,000 kwa kilo utahitaji kilo 1.35, yaani shilingi 20,250. Kwa samaki peke yake, kati ya hao watano huyo ndiye wa bei ya chini. Tatizo lake ni kwamba nyama ya jodari haina mafuta mengi, na ikizidi motoni inakauka ikawa ya kutafunwa kwa maji. Ndiyo maana anahitaji mchuzi mzito, na mchuzi mzito ni nazi. Nitalirudia hilo mbele, kwa sababu ndipo faida ya jodari inapoyeyuka.

Kuna jambo la jodari ambalo linagusa afya kabla ya mfuko. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama yao. Histamini haiondoki kwa kuchoma, kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Anayeila hupata wekundu wa uso, kichwa kuuma, kuwashwa mwili na mapigo ya moyo kwenda mbio, pengine na ladha kama ya pilipili ulimini wakati samaki hana pilipili. Kwa hiyo jodari wa saa nane mchana aliyelala juu ya meza bila barafu, hata apunguzwe bei nusu, si wa kununua. Kolekole naye ana hatari hiyo; changu hana kwa kiwango hicho, ingawa naye akioza ameoza.

Nduaro na papa nawaacha nje. Ni samaki wakubwa wanaoishi kwa kula samaki wengine, na zebaki hujikusanya mwilini mwao zaidi. Mama mjamzito na mtoto mdogo hawafai kulishwa hao, na sioni haja ya kununua kitoweo ambacho nusu ya nyumba haitakiwi kukila.

Kama fedha ni finyu kabisa, nunua vibua. Nyama yao si ngumu kama ya nguru, lakini mafuta yao yanawalinda motoni na ngozi inawashika. Kwa shilingi 6,000 kwa kilo, kilo mbili na nusu ni shilingi 15,000. Miiba ipo, na walaji wadogo wanataka mtu wa kuwachambulia. Vibua huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kubwa huadimika na bei hupanda. Tazama mwezi kabla ya kupanga.

Msimu nao una kauli yake. Kusi inapovuma, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba, bahari inachafuka na vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba. Nguru na jodari hupungua. Usilazimishe nguru mwezi wa Julai. Wa ndani ya mwamba, kama changu, huendelea kuja, na tofauti ya bei niliyoitaja hapo juu inaweza kugeuka. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ndio wakati wa kumla jodari na nguru kwa bei ya huruma.

Sasa pesa zinazotoka bila kutangazwa. Hizi ndizo zinazowamaliza watu, maana kila moja ni ndogo na inaombwa kwa adabu.

Ya kwanza ni maji. Samaki akitolewa kwenye ndoo ya barafu na kuwekwa moja kwa moja kwenye mizani, unalipia maji kwa bei ya nguru. Sema tu, “Kaka, mwaga maji kwanza ndiyo upime.” Hakuna muuzaji mwema anayekasirika. Tazama pia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na kama mshale au namba zinaanzia sifuri kabla samaki hajawekwa. Samaki wa kugandishwa ana ganda la barafu juu yake, na kilo moja ikishayeyuka haiwi kilo. Kwa kuchoma, samaki wa kugandishwa anatoa maji mengi na kushika wavu. Mchukue tu ikiwa amepungua bei kwa kiasi cha kueleweka.

Ya pili ni kupara na kukata. Wengine hukata bure ukinunua kwao, wengine hukuelekeza kwa mparaji ambaye ana bei yake. Uliza kabla samaki hajafika kwenye gogo. Na utumbo ukishatoka, kichwa kibaki machoni pako, kwa kuwa kichwa kikiachwa mezani kina mnunuzi wake mwingine.

Ya tatu ni mfuko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Mfuko mbadala unauzwa, na mmoja hautoshi kwa samaki anayevuja. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko kutoka nyumbani. Itakuokoa pia kwenye daladala, maana kondakta ana haki ya kukukatalia ukiwa unadondosha maji ya samaki miguuni pa abiria, na ukikataliwa mbadala wako ni bodaboda. Bodaboda kutoka sokoni hadi Mbagala au Tegeta inaweza kufuta unafuu wote ulioupata kwa kufika mnadani asubuhi.

Mnada wenyewe tuuzungumze kidogo. Dalali huuza kwa fungu au kwa samaki mzima mkubwa, na wanaosimama pale ni wachuuzi wanaojua uzito kwa macho. Mnunuzi wa nyumbani akiingia peke yake atabebeshwa fungu la kilo kumi. Faida ya mnada inakuja mkiwa nyumba tatu au nne mnaonunua samaki mmoja na kugawana. Ukiwa peke yako, nenda kwa mchuuzi wa meza, lipa hiyo tofauti yake, na uchague vipande unavyotaka.

Kuna wanaokuja na swali: si bora nikale nje? Hesabu ni rahisi. Kwenye mabanda na hoteli za ufukweni, samaki mzima wa kuchoma anauzwa kwa ukubwa, na jina la ukubwa huo analijua muuzaji. Tuseme sahani ni shilingi 28,000. Watu sita ni 168,000, hapo hujaagiza maji. Uliza mambo matatu kabla ya kukaa: samaki huyo ana uzito gani kabla ya kuchomwa, bei hiyo ina chipsi au ndizi ndani yake au zinalipiwa pembeni, na kama kodi imeshajumlishwa. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Ikiongezwa mwishoni kwenye bili ya 168,000, unadaiwa zaidi ya shilingi 30,000 ambazo hukuja nazo. Kwa wawili wanaosherehekea, ni pesa inayovumilika. Kwa familia, hapana.

Mishikaki ya samaki, kama ile ya Forodhani, Unguja, jioni, inaonekana rahisi kwa sababu bei ya kijiti kimoja ni ndogo. Vipande vinne vidogo vya kijiti kimoja havifiki gramu 100. Mtu mzima anahitaji vijiti viwili au vitatu, na ukivijumlisha umelipia kilo ya nguru. Ile ni chakula cha kuonja na kutembea. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni, na kagua samaki mbichi kwa macho: akiwa amekaa saa nyingi kwenye meza bila barafu, ondoka.

Njia ya kati ni kununua mwenyewe na kumpelekea mchomaji wa mtaani. Ukikosa jiko na nafasi, ni chaguo zuri. Kubalianeni bei kwa samaki au kwa kilo, na uulize mafuta, chumvi na ndimu ni za nani. Kaa pale pale mpaka samaki atoke, hasa mkiwa wateja wengi.

Tukija kwenye vyombo, sitakuwa na maneno mengi, kwa sababu huhitaji kununua vingi. Jiko la kuchomea la duka lenye magurudumu na mfuniko halina maana kwa anayechoma mara chache kwa mwaka. Bati lake ni jembamba, na kwa hewa ya chumvi ya pwani linaanza kushika kutu mapema. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea nusu pipa lenye miguu kwa bei ya chini ya hapo na litadumu zaidi, ilimradi pipa halikuwa la kemikali. Na kwa vipande sita vya nguru, jiko lako la mkaa la kila siku linatosha ukichoma kwa awamu mbili. Jirani mwenye nusu pipa ni bora kuliko yote.

Wavu ndio usibanie pesa. Watu huchukua wavu wa feni mbovu au rafu ya friji ya zamani wakaweka juu ya mkaa. Vyuma hivyo vimepakwa rangi au madini ambayo hayakukusudiwa kupata moto chini ya chakula, na baadhi ya rafu za zamani zina kadimiamu. Wavu wa mabati nao una zinki inayotoa moshi wavu ukipata moto sana. Lipia wavu wa chuma cha pua, au mwambie fundi akuungie nondo nyembamba zisizopakwa chochote, kisha uuchome mtupu na kuusugua kabla ya matumizi ya kwanza. Kwa kolekole aliyepasuliwa, wavu wa kukunja wenye mshikio unasaidia kweli: unambana, unamgeuza mara moja, hakuna kinachoanguka. Kwa nguru hauna ulazima.

Mkaa wa mafungu mawili ya shilingi 2,000 unatosha kwa watu sita. Chukua wa vipande vikubwa, mgumu, unaolia ukigonganishwa. Vumbi la chini ya gunia halichomi samaki. Mkaa mbadala uliofinyangwa kwa vumbi la mkaa unakaa sana lakini moto wake ni mpole na majivu ni mengi. Unafaa maharage kuliko samaki. Ule uliotokana na makaa ya mawe usiuchomee samaki moja kwa moja. Vifuu vya nazi ni vya bure kama umekuna nazi mwenyewe: vinawaka kwa moto mkali wa muda mfupi, kwa hiyo vitumie kuwashia, visubiri viwe makaa, kisha ongeza mkaa. Mkaa wa mikoko, hata ukiletewa mlangoni kwa bei ya kutupa, ukatae. Mikoko imelindwa kisheria, na ndiyo malezi ya samaki wachanga tunaowatafuta hapa.

Mchuzi ndio nusu ya pili ya hesabu, na ndipo uamuzi unapofanyika.

Kupaka kwa nazi ndio mchuzi wenye heshima ya pwani: tui zito linachemshwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, binzari na ndimu mpaka linashikamana, kisha samaki anapakwa akiwa motoni na linalobaki linamiminwa juu. Kwa watu sita unahitaji nazi tatu. Kwa shilingi 1,500 kila moja ni 4,500, na viungo 1,500: jumla shilingi 6,000. Ongeza pesa ya mashine ya kukuna kama huna mbuzi. Kabla ya kulipa, itikise nazi sikioni. Isiyolia maji huenda imeshaharibika, na moja mbovu ikiingia kwenye beseni inaharibu zote tatu.

Tui la kopo linaokoa muda na linakaa kabatini kwa miezi. Kwa kazi hii utahitaji makopo mawili, na kwa shilingi 5,000 kila moja umefika 10,000 bila viungo. Soma kopo: linaloanza kwa maji kwenye orodha ya viambato lina nazi kidogo. Tui la unga ni la bei ya kati, na ladha yake iko nyuma, lakini kwa anayeishi mbali na pwani ambako nazi ni ghali au kavu, ndilo la busara.

Tui la kukamua mwenyewe lina kasoro moja kubwa kwa anayeandaa mapema: kwenye joto linachacha kwa saa chache. Kamua siku hiyo hiyo. Na ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika, mafuta yanaelea juu, na mchuzi wa shilingi 6,000 unakuwa maji yenye chembechembe. Moto mdogo, mwiko hautoki sufuriani.

Ukwaju ni kinyume chake kwa kila kitu. Robo kilo ni shilingi 1,500, unauloweka kwenye maji ya moto, unakamua, unachuja mbegu, unaongeza kitunguu saumu, pilipili, chumvi na sukari kidogo, unachemsha mpaka uzito wa kupaka. Jumla shilingi 2,500. Ukwaju mkavu unakaa miezi kabatini, na mchuzi wenyewe unakaa siku kadhaa kwenye friji. Angalia ukwaju wa kufunga sokoni: mara nyingine mbegu na nyuzi ni nyingi kuliko nyama, kwa hiyo bonyeza fungu kwa vidole, ule laini na mzito ndio wenye mchuzi.

Kachumbari ni nyongeza ya lazima, shilingi 3,000 hivi, na inapanda nyanya zinapoadimika. Embe mbichi lililokunwa kwa chumvi na pilipili linaweza kushika nafasi yake msimu wa maembe kwa chini ya nusu ya bei. Mchuzi wa chupa wa dukani siupendekezi. Una sukari nyingi, unaungua wavuni ukiwa mweusi, na unamficha samaki uliyemlipia.

Weka sasa samaki na mchuzi wake pamoja. Jodari na nazi: 20,250 na 6,000, ni 26,250. Nguru na ukwaju: 22,400 na 2,500, ni 24,900. Kolekole na ukwaju, pamoja na kumpara: 26,500, na supu ya kesho juu yake. Yule jodari aliyekuwa wa bei ya chini amepanda akampita nguru. Nguru anavumilia ukwaju kwa sababu nyama yake ina mafuta ya kutosha. Jodari kwa ukwaju peke yake utamla, lakini utameza kwa juhudi.

Kolekole, ukwaju, kachumbari 3,000, mkaa 4,000, barafu 1,500, mchele na ndimu 6,000: umefika 41,000. Zinabaki 4,000 za nauli. Hapo ndipo ile 45,000 ilipotoka.

Ulichokwisha kukinunua usikipoteze jikoni. Ndimu na chumvi ziwekwe dakika 20 hivi kabla ya kuchoma. Zikikaa saa nzima, ndimu inaibadilisha nyama ikawa nyeupe na kavu kabla haijaona moto. Mfute samaki maji kwa kitambaa, mpake mafuta yeye badala ya kuupaka wavu, na wavu uwe umeshapata moto sawasawa. Kipande cha vidole viwili kinataka kama dakika tano au sita kila upande juu ya makaa yaliyoota majivu meupe. Kikishika wavu usikivute. Subiri dakika moja, kikiiva upande kitaachia chenyewe. Jodari mpunguzie muda na umtoe mara tu nyama inapoacha kung'aa ndani.

Mchuzi wenye sukari upakwe dakika tatu za mwisho tu. Na gawa mchuzi kwenye mabakuli mawili tangu mwanzo: moja la kupakia kwa brashi inayogusa samaki mbichi, jingine la mezani.

Ukifika sokoni kesho na ukakuta nguru amepanda hadi 20,000 na kolekole hayupo, usizunguke mpaka saa sita ukitafuta. Bonyeza samaki waliopo: nyama irudi ukiondoa kidole, mashavu yawe mekundu, macho yawe yamejaa. Samaki ambaye nyama imelegea na mfupa umevunjika ndani, pengine na damu iliyovilia, huenda ni wa baruti. Uvuvi huo ni haramu kisheria, na samaki wake anamomonyoka wavuni. Walio wazima wakiwa ni vibua peke yao, chukua kilo mbili na nusu, nunua na nazi tatu kwa pesa iliyobaki, na uondoke kabla jua halijapanda.